Mwongozo Kamili: Kufuatilia Kimbunga Kinachokuja Pwani Yetu, Taarifa kwa Taarifa

Kila nikitumiwa ramani ya kimbunga kwenye WhatsApp, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni saa. Mara nyingi haipo. Aliyepiga picha ya skrini amekata juu na chini, amebakiza mstari mwekundu unaoelekea Dar es Salaam na maneno "Mungu atunusuru". Ukichimba unakuta ramani ni ya juzi na kimbunga chenyewe kimeshageuka.

Tulipokuwa tunamsubiri Hidaya, kimbunga cha Mei 2024, swali nililoulizwa kuliko yote lilikuwa: "Kitapiga wapi?" Hilo ndilo linalowapoteza watu. Siku tatu kabla, hata mtaalamu anakupa eneo, hakupi nukta. Swali linalojibika, na linalokusaidia kuamua kama uvute ngalawa juu leo au usubiri kesho, ni jingine: kimebadilika nini tangu taarifa iliyopita?

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili ujibu swali hilo mwenyewe. Nimewalenga watu wa pwani ya Tanzania, kuanzia Mtwara hadi Tanga na visiwani, ingawa aliye Mombasa au Moroni anaweza kuzitumia vilevile.

## Vitu vya kuandaa kabla ya msimu

Msimu wetu ni Novemba hadi Aprili, na Hidaya alituonyesha kwamba Mei nayo si ya kuaminika. Kusanya hivi mapema:

- Daftari na kalamu. Simu itaisha chaji usiku ule ule unaoihitaji.
- Karatasi ya A4 uliyoichora miraba, sentimita 2 kwa kila nyuzi 1. Kwa wima weka latitudo 2 hadi 14 kusini, kwa mlalo longitudo 38 hadi 48 mashariki.
- Rula.
- Redio ya betri na pawabenki iliyojaa.
- Anwani ya tovuti ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kama uko huko, pamoja na ya kituo cha Météo-France kilichopo kisiwa cha Réunion. Kituo hicho ndicho kilichokabidhiwa kimataifa kazi ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi.

Kwenye karatasi tia nukta za miji, namba ya kwanza ikiwa ya kusini na ya pili ya mashariki: Mombasa 4.1 na 39.7, Tanga 5.1 na 39.1, Unguja Mjini 6.2 na 39.2, Dar es Salaam 6.8 na 39.3, Kilindoni, Mafia 7.9 na 39.7; Kilwa Masoko 8.9 na 39.5, Lindi 10.0 na 39.7, Mtwara 10.3 na 40.2; Moroni 11.7 na 43.3. Ziunganishe kwa mstari hafifu upate umbo la pwani. Halihitaji kuwa zuri.

## Hatua ya 1: Chagua chanzo kimoja cha namba, ushikamane nacho

Kosa hili huwakamata hata wasomi. Kituo cha Réunion hupima upepo kwa wastani wa dakika 10. Kituo cha vimbunga cha jeshi la Marekani, JTWC, hutumia wastani wa dakika 1. Kimbunga ni kile kile, saa ni ile ile, lakini namba ya Wamarekani hutoka kubwa zaidi, kwa sababu upepo ukiupima kwa muda mfupi unabeba zaidi ile mivumo ya ghafla.

Sasa chukua mtu aliyesoma Réunion asubuhi, akasoma JTWC mchana, akatangaza kijiweni kwamba kimbunga kimepata nguvu. Kimbunga hakijapata kitu. Yeye ndiye aliyebadilisha mizani.

Mimi huandika namba za Réunion tu, na maamuzi ya nyumbani nayafanya kwa maelekezo ya TMA. Namba zinakuonyesha kimbunga kinafanya nini huko baharini. TMA inakwambia kitakufanya nini wewe, kwa rangi zake: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Onyo: programu kama Windy na Zoom Earth zinapendeza, ila rangi zinazozunguka za siku zijazo ni hesabu za kompyuta. Tena kompyuta mbili zinaweza kutofautiana kwa mamia ya kilomita siku sita mbele. Ukiona mtu ameshika ramani ya siku 10 zijazo yenye jicho la kimbunga juu ya Kigamboni, mpe maji ya kunywa aendelee na safari yake.

## Hatua ya 2: Geuza saa

Taarifa za kimataifa huandikwa kwa UTC, yaani saa za pamoja za dunia, nasi tuko saa 3 mbele. Halafu tuna saa zetu za Kiswahili juu yake. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa mara mbili. Andika jedwali hili kwenye jalada la daftari:

- 00 UTC ni saa 9 usiku
- 06 UTC ni saa 3 asubuhi
- 12 UTC ni saa 9 alasiri
- 18 UTC ni saa 3 usiku

Hizo ni saa za kipimo. Taarifa yenyewe hutoka baadaye kidogo, kwa hiyo usiamke saa 9 usiku ukadhani mtandao umeharibika.

Umefaulu ukiwa unaweza kutazama ramani yoyote uliyotumiwa na kusema ina umri wa saa ngapi. Isiyo na saa, usiisambaze.

## Hatua ya 3: Andika mstari mmoja kila taarifa ikitoka

Mstari una vitu vitano: siku na saa, latitudo, longitudo, kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa kwenye kitovu. Upepo huandikwa kwa noti, kipimo cha mabaharia. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Mgandamizo ni kwa hPa (hektopaskali), na kadiri namba yake inavyoshuka ndivyo kimbunga kinavyokuwa na nguvu.

Huu ni ukurasa wa mazoezi. Namba nimezitunga mwenyewe; S ni kusini, E ni mashariki:

- Jumatano saa 3 asubuhi: 9.8 S, 44.6 E, noti 40, hPa 998
- Jumatano saa 9 alasiri: 9.6 S, 43.9 E, noti 45, hPa 995
- Jumatano saa 3 usiku: 9.3 S, 43.3 E, noti 55, hPa 988
- Saa 9 usiku kuamkia Alhamisi: 9.0 S, 42.8 E, noti 65, hPa 980

Mistari minne tu, lakini ina habari ambayo ramani moja haiwezi kukupa.

## Hatua ya 4: Chora njia, pima mwendo

Tia nukta nne kwenye karatasi yako na uziunganishe. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111. Ya longitudo huku kwetu ni pungufu kidogo, kama 110.

Angalia longitudo kwanza. Hatua ya kwanza kimbunga kilisogea magharibi nyuzi 0.7, ya pili 0.6, ya tatu 0.5. Kinapunguza mwendo. Kwa wastani wa hatua zote tatu, 0.6 kila saa 6, zimebaki nyuzi 3.1 kufika longitudo 39.7, yaani saa 31. Kwa mwendo wa hatua ya mwisho ni saa 37. Kwa hiyo kitovu kinaweza kugusa pwani Ijumaa, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Usiandike saa moja kamili. Andika zote mbili.

Sasa latitudo. Kikiacha kupanda na kwenda magharibi moja kwa moja, kitatua karibu na Kilwa. Kikiendelea kupanda kwa wastani wa siku nzima, kitaangukia latitudo 7.6, delta ya Rufiji na Mafia. Kikifuata kona ya hatua ya mwisho, ni 7.1, jirani kabisa na Dar es Salaam. Weka rula uone: kona ndogo, isiyoonekana vizuri kwenye skrini ya simu, inabadilisha wilaya itakayolala bila paa.

Ndiyo maana siamini mstari. Aprili 2019 Mtwara ilijiandaa kwa Kenneth, watu wakahamishwa, shule zikafungwa. Kimbunga kikapita kaskazini mwa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25, kikiwa kikali mno. Nimewasikia watu wakisema eti utabiri ulikosea. Haukukosea, Mtwara ilikuwa ndani ya eneo la hatari, na kuwa ndani ya eneo la hatari si sawa na kuandikiwa kupigwa.

Onyo: kitovu chenyewe hukadiriwa. Kimbunga kichanga kinaweza "kuruka" makumi ya kilomita kati ya taarifa mbili kwa sababu tu wataalamu wamekiona vizuri zaidi. Subiri mistari mitatu kabla ya kutangaza kwamba kimegeuka.

## Hatua ya 5: Soma nguvu, na uulize inatoka wapi

Ngazi za bahari yetu, kwa kilomita kwa saa, ni hizi:

- 51 hadi 62: mgandamizo mdogo wa kitropiki
- 63 hadi 88: dhoruba ya wastani (hapa ndipo hupewa jina)
- 89 hadi 117: dhoruba kali
- 118 hadi 165: kimbunga kamili
- 166 hadi 212: kimbunga kikali
- zaidi ya 212: kimbunga kikali sana

Kwenye ukurasa wetu upepo umetoka noti 40 hadi 65 kwa saa 18. Wataalamu huita "kukua kwa kasi" upepo unapoongezeka noti 30 au zaidi ndani ya saa 24. Sisi tumeshapata 25 na saa 6 bado. Ukiona hali hiyo, harakisha ratiba yako: kazi ya kesho asubuhi ifanye leo jioni.

Lakini usihangaike na noti 5. Huku kwetu hakuna ndege zinazotumwa kila mara ndani ya kimbunga kama zile za Wamarekani kule Atlantiki. Nguvu hukadiriwa hasa kwa umbo la mawingu kwenye setilaiti, na namba hukatwa kwa tano tano. Ikipanda 5 kisha ikashuka 5, hakuna kilichotokea. Kinachohesabika ni mwelekeo wa mistari mitatu au minne, upepo na mgandamizo vikikubaliana.

Kisha uliza kwa nini. Bahari yenye joto la nyuzi 26.5 kwenda juu hulisha kimbunga. Pepo za juu zinazovuma tofauti na za chini hukiinamisha na kukikata kichwa. Hewa kavu ikiingia hukikausha. Nchi kavu hukinyima chakula. Taarifa ya Réunion ina aya inayoyataja haya. Ni aya ndefu, yenye kuchosha, na ndiyo iliyo bora kuliko ramani yote. Jobo wa Aprili 2021 alikuwa ameelekea Dar es Salaam, jiji zima likashika roho, akadhoofika kabla ya kufika. Aliyekuwa akiandika mistari aliona namba zikishuka kabla minong'ono haijatulia.

Onyo kwa wenye simu zinazopima mgandamizo: kwetu huku mgandamizo hupanda na kushuka kila siku bila kimbunga chochote. Huwa juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, tofauti ikifika kama hPa 3. Kuna jamaa yangu alitoa watoto nyumbani saa 10 jioni kwa sababu hiyo. Linganisha namba ya leo na ya jana saa ile ile. Ikiwa pungufu kwa hPa 5 au zaidi, hapo una neno.

## Hatua ya 6: Tazama picha ya setilaiti, kwa uangalifu

Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi hutoa picha kila baada ya dakika 15. Ya mwanga wa kawaida ni ya mchana tu. Usiku tumia ya infraredi, ambayo hupaka rangi joto la vilele vya mawingu: kilicho juu sana ni baridi sana.

Tafuta mambo mawili. Kwanza, mawingu yamezunguka kitovu pande zote, au yamesukumwa upande mmoja? Yakiwa upande mmoja, pepo za juu zinakisumbua. Pili, jicho likianza kuonekana wazi na la mviringo, kimbunga kinajikusanya.

Kosa la kawaida ni kudhani katikati ya wingu ndiyo kitovu. Kimbunga kilichosukumwa kinaweza kuwa na kitovu nje kabisa ya wingu zito. Rudi kwenye latitudo na longitudo ulizoandika.

## Hatua ya 7: Jua uko upande gani

Hapa naomba utulie, maana hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoua.

Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Chukua sahani, iweke juu ya karatasi yako, pwani ikiwa kushoto. Izungushe kama mishale ya saa. Ukingo wa kusini wa sahani unakwenda magharibi, yaani unatoka baharini kuja pwani. Ukingo wa kaskazini unakwenda mashariki, unatoka nchi kavu kwenda baharini.

Sasa sogeza sahani yote kuelekea pwani huku ukiizungusha. Upande wa kusini, mwendo wa kimbunga na mzunguko wake vinasukuma njia moja, kwa hiyo upepo ni mkali zaidi, na unasukuma maji ya bahari yapande ufukweni. Upande wa kaskazini vinavutana.

Maana yake kwa kimbunga kinachotoka mashariki: anayekaa kusini mwa kitovu ana hali mbaya kuliko wa kaskazini, hata wakiwa umbali sawa. Hidaya alitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Macho ya nchi yalikuwa Dar es Salaam, lakini mvua na mafuriko yaliyokata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga yalikuwa Kilwa na mikoa ya Lindi na Mtwara. Sahani ingekwambia.

Kwa hiyo usiulize tu "kiko umbali gani?" Uliza kitapita kaskazini yangu au kusini yangu. Ukiwa Kilwa na njia inaelekea Mafia, usishangilie kwamba kimekukwepa.

Taarifa pia hutoa umbali wa upepo mkali kutoka kitovuni kwa robo nne za dira. Tuseme robo inayokukabili ni kilomita 120 na kimbunga kinakwenda kilomita 10 kwa saa: upepo wa kung'oa mabati unakufikia saa 12 kabla ya kitovu. Katika mfano wetu hiyo ni Alhamisi saa 4 usiku, si Ijumaa asubuhi. Kupigilia mbao gizani kwenye upepo si kazi ya kujaribu.

Mtandao ukikatika, bado una mwili wako. Simama mahali pa wazi, uelekee upepo unakotoka. Kitovu kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Mabaharia wameitumia kanuni hii zamani sana.

Umefaulu ukiwa unaweza kumweleza mwenzako kwa sahani, bila simu.

## Hatua ya 8: Linganisha utabiri na utabiri

Utabiri huja na umbo linalopanuka kama pembe. Hilo linaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi. Halionyeshi mvua itaishia wapi wala upepo utaishia wapi. Nyumba iliyo nje ya pembe inaweza kubebwa na maji vizuri tu.

Chora pembe ya leo kwa kalamu ya bluu, ya kesho kwa nyekundu. Pembe zikihamia upande mmoja mara tatu mfululizo, tuseme kila mara kusini kidogo, huo ndio ujumbe. Zikiyumba kushoto na kulia, wataalamu wenyewe bado hawajui, nawe jiandae kwa hali mbaya zaidi kati ya hizo.

## Hatua ya 9: Usifunge daftari kimbunga "kikifa"

Usiku wa tarehe 4 Mei TMA ilitangaza kwamba Hidaya amepoteza nguvu baada ya kutua Mafia. Ilikuwa kweli, upepo ulikuwa umekatika. Kilichobaki ni mvua, na mvua haihitaji upepo ili ivunje kalvati.

Vingine hurudi kabisa. Idai aliingia Msumbiji mwanzoni mwa Machi 2019 akiwa dhaifu, akanyesha mafuriko huko na Malawi, akageuka, akarudi kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska, akashiba maji ya moto, kisha akatua karibu na Beira usiku wa tarehe 14 akiwa kimbunga kikubwa. Freddy wa 2023 aliipiga Msumbiji Februari, akarudi tena Machi.

Endelea kuandika mpaka mambo matatu yatimie: Réunion wameacha kutoa taarifa za mfumo huo na hawautaji tena kama unaoweza kurudi baharini, TMA imeondoa tahadhari ya mvua na mawimbi kwa mkoa wako, na mto au korongo la karibu nawe limeanza kushuka, umeliona kwa macho, siku mbili mfululizo. Kwa mvuvi ongeza la nne: subiri asubuhi moja zaidi hata bahari ikionekana shwari, maana mawimbi marefu hufika baada ya upepo kutulia.

Kisha kata ukurasa, andika jina la kimbunga na mwaka juu yake, uubandike nyuma ya mlango.